Mwongozo wa Kukumbuka Vipindi vya Zamani: Kwa Watu Wazima Wasiopenda Kusahihishwa

Kila ukoo una mtu mmoja anayekumbuka vipindi vyote vya zamani. Ndiye yule anayelinyamazisha baraza kwa kusema, "Ninyi hadithi hamjasikia. Hadithi tulisikia sisi." Kisha anakohoa kidogo, anasogeza kikombe, na anaanza kusimulia mambo ambayo nusu yake hayakutangazwa kamwe. Hakuna anayembishia. Waliosikiliza pamoja naye ama wamefariki, ama wanakumbuka vibaya kuliko yeye.

Cheo hicho hakina mshahara, lakini kina heshima, chai ya kwanza na kiti chenye mto. Mwongozo huu ni wa yeyote anayekitamani. Hauhitaji elimu kubwa wala kumbukumbu nzuri. Kumbukumbu nzuri, kama utakavyoona, ni kikwazo katika kazi hii. Umeandaliwa kwa msaada wa wanasaikolojia wa nchi mbalimbali, ambao walidhani wanachunguza udhaifu wa binadamu, kumbe walikuwa wanatuandikia kanuni za kazi.

Vifaa vinavyohitajika

Andaa wasikilizaji wasiopungua watatu, wote wadogo kwako kwa umri. Andaa pia mtoto mmoja wa kumdharau, ikiwezekana awe ameshika simu. Intaneti izimwe, au bando liishe. Mtu wa rika lako asialikwe. Akijileta mwenyewe, atumwe dukani, na akirudi mapema atumwe tena kurudisha chenji.

Hatua ya kwanza: Zaliwa mwaka unaofaa

Wanasaikolojia wamegundua kwamba mtu mzima akiulizwa habari za maisha yake, zinazomjia kwa wingi ni za kuanzia miaka kama kumi hadi thelathini. Nyimbo, vitabu na filamu anazozipenda kuliko zote nazo hujazana humo humo. Kwa kazi yetu, maana yake ni hii: utangazaji bora duniani ulikoma mara tu wewe ulipoanza kulipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo aliyekuwa kijana miaka ya 1970 atakuapia kwamba redio ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, yaliyofuata ni kelele. Aliyebalehe mwanzoni mwa miaka ya 2000 atakwambia uigizaji ulifika kilele na kundi la Kaole kwenye ITV, ukafia hapo hapo. Mkenya wa makamo atakusikiliza kwa upole, halafu akuulize kama umewahi kuona Vioja Mahakamani au Vitimbi, na asingoje jibu. Wote watatu wana hakika kamili, na ushahidi wao ni mmoja: "Nilikuwepo."

Tahadhari moja tu: usishuke chini ya umri wa miaka mitatu. Watu wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kutegemewa ya kabla ya hapo. Ukidai kwamba unakumbuka matangazo ya uhuru wa Tanganyika ya Desemba 1961, na huku ulizaliwa mwaka huo huo mwezi wa nne, utawafanya wasikilizaji wahesabu kwa vidole. Jiongezee miaka mitano. Cheti cha kuzaliwa hakiletwi barazani.

Hatua ya pili: Simulia redio, usisimulie hadithi

Mtoto akiulizwa kuhusu kipindi, husema kilichotokea ndani yake: sungura alimdanganya fisi, fisi akatumbukia. Huo ni utoto. Mtu mzima aliyekomaa husimulia kilichotokea nje ya kipindi. Anza na redio yenyewe: kabati lake la mbao, kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu yake, waya wa antena uliopanda hadi kwenye mwembe. Nenda kwenye betri: jinsi zilivyoanikwa juani zikifa, na jinsi zilivyong'atwa meno zisipofufuka. Kisha mwelezee mwenye redio, ambaye ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kugusa kile kitufe cha kutafutia stesheni, na aliyekuwa akiinama sikio likigusa spika, kana kwamba mtangazaji anamnong'oneza deni.

Piga mezani kwa vidole ile ngoma iliyotangulia taarifa ya habari. Usiruke hatua hii. Ngoma ikilia hata kwa vidole, wenye umri wa kuijua hunyooka migongo wenyewe, na wasioijua huamini kwamba unajua unachosema.

Sasa ndipo umtaje Debora Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana. Taja jina, kisha nyamaza. Usiharakishe. Rika lako litaguna kwa huzuni tamu, na mtu mmoja atasema, "Yule mama alikuwa na sauti!" Ukiulizwa ni hadithi gani hasa uliyoipenda, jibu, "Zote." Ukibanwa zaidi, sema kulikuwa na mfalme, binti, na mnyama aliyekuwa akizungumza. Katika maktaba yoyote ya hadithi za Kiafrika, jibu hilo haliwezi kukosa shabaha.

Hatua ya tatu: Redio ikikunyima picha, jichoree

Miaka ya 1980, Patricia Greenfield wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake waliwapa watoto hadithi zilizokatishwa kabla ya mwisho, wengine kwa redio, wengine kwa televisheni, kisha wakawaomba wazimalizie. Watoto wa redio walitunga miisho mipya zaidi, yenye watu na mambo ambayo hayakuwa kwenye hadithi. Watoto wa televisheni walikumbuka zaidi yale waliyoonyeshwa. Waliosikia walibuni, walioona walikariri.

Mtafiti atakwambia kwamba kila chombo kina faida yake. Sisi tunachukua nusu ya kwanza. Kama ulilelewa na redio, una leseni ya kubuni uliyoipata utotoni, na hakuna mamlaka ya mawasiliano inayoweza kukunyang'anya.

Mazoezi ya hatua hii yafanyike kwa bao la Peter Tino. Mwaka 1979, kule Ndola, bao hilo liliisawazishia Taifa Stars dhidi ya Zambia na kuipeleka Nigeria kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Vituo vya kwanza vilikuja mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, kwa hiyo wao wana hukumu yao peke yao. Lakini keti kijiwe chochote cha wazee wa Bara, uwaombe wakuelezee bao lile. Utaelezwa upande aliotokea, kipa alivyoruka, nyasi zilivyokuwa, hata jinsi jukwaa la Wazambia lilivyonywea. Mmoja atainuka kitini kukuonyesha mguu ulivyopigwa. Aliyafahamu hayo yote kupitia mtangazaji mmoja aliyekuwa akipiga kelele na spika moja iliyokuwa ikikwaruza.

Huo ndio ustadi tunaoutafuta. Mtu anayesema "nilisikia Tino amefunga" ni msikilizaji. Anayesema "nilimwona Tino akifunga" ni mzee wetu.

Hatua ya nne: Nyoosha hadithi mpaka ikae

Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha kitabu kuhusu kukumbuka. Alikuwa amewapa Waingereza ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini iliyojaa mizimu, mitumbwi na vita visivyoeleweka mwanzo wala mwisho, kisha akawaomba waisimulie upya, mara baada ya muda mfupi, mara baada ya miezi. Kila waliposimulia ilizidi kuwa fupi na kuwa ya Kiingereza. Mtumbwi ukawa boti, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mizimu ikatoweka kimya kimya kwa sababu haikuwa na kazi katika akili ya msimuliaji.

Fanya hivyo hivyo, bila haya. Mchezo wa Pwagu na Pwaguzi uliousikia Redio Tanzania huenda ulikuwa na visa vitatu vya wiki tatu tofauti. Viunganishe viwe kimoja. Kama humkumbuki aliyedanganya ni nani kati ya wawili wale, usihangaike. Methali yenyewe imeshasema kwamba pwagu hupata pwaguzi, kwa hiyo kila mmoja alidanganywa kwa zamu yake. Kipande ambacho hakina maana kiondoe. Kipande kinachokosekana kiazime kwenye hadithi ya bibi yako, ambayo nayo bibi alikuwa ameiazima redioni.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa na taifa zima, chukua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin. Kila mtu anakumbuka mambo yake matatu: uwezo, sababu na nia. Lakini wapo wanaoanza na uwezo, wapo wanaoanza na sababu, na wapo wanaoapa kwamba Mwalimu alianza na nia. Mambo matatu yanapangika kwa njia sita, na ukikaa katika baraza lenye watu wa kutosha utazisikia zote sita, kila moja kwa sauti ya Mwalimu.

Hatua ya tano: Mshike mhusika, achia funzo

Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliotungwa ili kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu, aliyechoka akaamua kusimama kwa miguu yake. Ulitungwa kwa hesabu: mhusika mbaya aadhibiwe, mwema atuzwe, na mwenye kuyumbayumba abadilike mbele ya masikio ya msikilizaji.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba ulipimwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo, Dodoma walirushiwa vipindi vingine ili watafiti wapate mahali pa kulinganisha. Matokeo yalionyesha kwamba kulikosikilizwa Twende na Wakati, watu walibadilika kuliko Dodoma, katika uzazi wa mpango na hata katika idadi ya wapenzi. Funzo lilifika, likafanya kazi.

Sasa muulize mtu aliyesikiliza: "Twende na Wakati ilihusu nini?" Atacheka kwanza. Kisha atasema, "Mkwaju bwana!" na atakusimulia ujanja wake wote kwa furaha ambayo waandishi hawakuitolea ruhusa. Tunu atapewa sentensi moja. Uzazi wa mpango hautatajwa, ingawa yeye mwenyewe amekwisha kuutumia na ana watoto wawili. Fundisho limeingia mwilini na kusahauliwa kichwani, mhusika amebaki kichwani peke yake. Usijaribu kurekebisha hali hiyo.

Angalizo kwa wasomaji wa Dodoma: ukijisikia unakumbuka vizuri kabisa jinsi ulivyomsikiliza Mkwaju ukiwa nyumbani kwenu mwaka 1994, hongera. Una redio ya ajabu, au tayari umefuzu mwongozo huu bila kuusoma.

Hatua ya sita: Ona kwa macho yako kile ambacho hakikuonyeshwa

Hapa ndipo wanafunzi wa kawaida wanapoachwa nyuma. Oktoba 1992, ndege ya mizigo ya El Al iliangukia majengo ya makazi katika eneo la Bijlmermeer, Amsterdam. Miezi kadhaa baadaye, watafiti watatu wa Uholanzi, Crombag, Wagenaar na van Koppen, waliwauliza watu kama waliona kwenye televisheni filamu ya ndege ile ikigonga jengo. Zaidi ya nusu walisema waliiona. Baadhi yao walieleza hata pembe ambayo ndege iliingia nayo. Filamu hiyo haikuwahi kuwepo. Televisheni ilionyesha moto na kifusi. Kuanguka kwenyewe walikutengeneza watazamaji nyumbani kwao, bila gharama kwa kituo chochote.

Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Waholanzi hawa walithibitisha sehemu ya pili.

Kama unaona hilo ni jambo la wageni, fanya jaribio hapa kwetu. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Rais Mkapa akalitangazia taifa. Waulize ndugu zako watatu waliokuwa nyumba moja siku hiyo ni nani aliyeleta habari, ilikuwa saa ngapi, na ilisikika redioni au ilionekana kwenye televisheni. Andaa maji ya kunywa, maana hawatamaliza leo. Kila mmoja atakumbuka kwamba yeye ndiye wa kwanza kusikia.

Marekani kuna watu waliolifanyia jambo hili kazi ya kisayansi. Asubuhi iliyofuata kulipuka kwa chombo cha anga cha Challenger, Januari 1986, Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory jinsi walivyozipata habari. Baada ya takribani miaka miwili na nusu, yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena. Mwanzoni asilimia 21 walikuwa wamesema walizipata kwanza kwenye televisheni. Safari hii waliosema hivyo walikuwa asilimia 45. Picha za baadaye zilizorudiwa na kurudiwa zilikuwa zimemeza kumbukumbu ya mwenzao aliyeingia darasani na habari akihema. Na walipoonyeshwa karatasi walizoandika wenyewe, walikiri mwandiko ni wao, lakini hawakuacha kuamini walichokuwa wakikikumbuka sasa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtu anaushinda ushahidi aliouandika kwa mkono wake mwenyewe. Hawa ndio mabingwa wetu, tuwaige.

Hatua ya saba: Lala wakati wa taarifa ya habari

Kumbukumbu ya zamani hulindwa kwa kutokumbuka ya leo. Saa mbili usiku, keti mbele ya runinga, shika rimoti kifuani, funga macho, koroma kwa staha. Mtoto akijaribu kuhamisha kituo, sema bila kufumbua macho, "Acha, nasikiliza." Baada ya nusu saa amka useme habari za siku hizi hazina maana.

Usione aibu, una wenzako wengi, hata miongoni mwa waliokuwa macho. Mwaka 1976 W. Russell Neuman alichapisha utafiti wa watazamaji wa eneo la San Francisco waliopigiwa simu jioni ile ile baada ya habari. Katika habari karibu ishirini zilizosomwa, mtu wa kawaida aliweza kutaja bila kukumbushwa moja na kidogo. Wakikumbushwa vichwa vya habari walipata nyingi zaidi, jambo linaloonyesha kwamba habari zilikuwa zimeingia, ila zilikaa mahali ambapo mwenyewe hapajui.

Inawezekana utasikia kwamba watoto hufanya vizuri kuliko tunavyodhani katika jambo hili. Ni kweli, watafiti wa Uholanzi walipowapa watoto habari zile zile kwa runinga, kwa redio na kwa maandishi, watoto walikumbuka zaidi za runinga, hasa pale picha ilipoonyesha kile kile kilichokuwa kinasemwa. Taarifa hii isifike barazani. Inaharibu hatua ya nane.

Hatua ya nane: Mdharau mtoto

Sasa mgeukie yule mtoto uliyemwandaa. Mwangalie kwa huruma, kisha utamke, "Hawa hawakumbuki kitu." Hakikisha yeye hapewi nafasi ya kujibu, kwa sababu ana uwezo wa kukuimbia wimbo mzima wa Ubongo Kids wenye hesabu ndani yake, kukutajia Kibena, Koba, Kiduchu na tumbili Ngedere kwa sifa zao, na kukueleza jinsi fumbo lilivyofumbuliwa. Kipindi hicho kilianza kurushwa Tanzania mwaka 2014. Nduguye, Akili and Me, kina mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro na kusafiri ndotoni hadi Lala Land. Kimejaribiwa kwa watoto wa chekechea wa Morogoro, na waliokitazama walijifunza hesabu, maumbo na kuchora kuliko waliotazama vipindi vingine. Tena kwa wiki chache. Wewe umesikiliza habari miaka arobaini.

Kuna mambo halali ya kumcheka mtoto, na ni vyema uyajue. John Flavell na wenzake wa Stanford waliwaonyesha watoto runinga yenye picha ya bakuli la bisi, wakawauliza: tukiipindua runinga, bisi zitamwagika? Wengi wa miaka mitatu walisema zitamwagika. Wa miaka minne walikuwa wameshaerevuka. Cheka kwa sauti, lakini usimtaje shangazi anayemzomea mwigizaji sokoni kwa sababu ya mabaya aliyomfanyia mkewe kwenye tamthilia ya jana.

Mcheke pia kwa kupenda marudio. Mtoto anaweza kutazama kipindi kile kile siku tano mfululizo na siku ya tano akawa na furaha kuliko ya kwanza. Waliotengeneza Blue's Clues huko Marekani walilijua hilo, wakarusha sehemu moja kila siku kwa wiki nzima, na watoto wakawa wanaelewa zaidi na kuijibu runinga kwa sauti kila siku iliyoongezeka. Wewe ukiona marudio, unalalamika kwamba unaibiwa pesa za king'amuzi. Halafu unasimulia kisa kile kile cha mwaka 1978 kila Idi na kila Krismasi.

Na mwisho mcheke kwa kutounganisha mambo. Hapa una haki kidogo. Miaka ya 1970, W. Andrew Collins alionyesha kwamba watoto wa darasa la tatu wanaopewa hadithi ambayo nia mbaya, ugomvi na adhabu vimetenganishwa na matangazo ya biashara huuchukua ugomvi na kuiacha adhabu njiani. Wakubwa wao hawakuyumbishwa. Kwa hiyo tamthilia inayokatizwa na sabuni, mkopo wa simu na sabuni tena inamwachia mtoto mdogo makofi bila sababu wala matokeo. Tungeweza kumsaidia kwa kumuuliza, "Unafikiri kwa nini alimpiga?" Lakini wakati huo wa matangazo ndio tunaoutumia kumtuma maji.

Maswali yanayoulizwa na wakorofi

*Je, mkanda wa kipindi ukipatikana na ukanisuta?* Sema hicho kilikuwa kipindi kingine. Ikishindikana, sema walikata. Ikishindikana kabisa, fuata mfano wa wanafunzi wa Emory: kubali mkanda ni wa kweli, na baki na kumbukumbu yako.

*Mke wangu alisikiliza kipindi hicho hicho na anakumbuka tofauti.* Mwache amalize kusimulia, kisha chukua vipande vyake vizuri uviweke kwenye hadithi yako. Wanasaikolojia wameona kwamba watu wakizungumza kuhusu jambo waliloliona pamoja, kila mmoja huondoka na maelezo ya mwenzake akiamini ni yake. Baada ya mwaka hamtagombana tena. Mtakuwa mmekosea kwa sauti moja.

*Kama niliyoyasikia utotoni sikuyaelewa?* Ndiyo malighafi bora. Hadithi iliyoeleweka haihitaji kutengenezwa.

*Je, hii si kusema uongo?* Sivyo. Mwongo anajua ukweli na kuuficha. Wewe hujui, na ndiyo maana unasadikika.

Neno la kufungia

Ukiondoa mzaha, yanabaki mambo machache ambayo utafiti huu wote unakubaliana nayo. Hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, anayehifadhi kipindi kichwani kama kilivyorushwa. Mtoto hushika kilichoonekana, kilichoimbwa na kilichorudiwa. Mtu mzima hushika mahali alipokuwa, aliyekuwa naye, na maana ambayo umri umemwongezea. Redio ilituachia kazi ya kuchora, na ndiyo maana tunaipenda: sehemu kubwa ya tunachokikumbuka tulikitunga wenyewe. Runinga humpa mtoto wa leo picha tayari, naye huikumbuka vizuri. Anachohitaji ni mtu wa kumuuliza kwa nini. Kizazi kimoja hakikizidi kingine kwa akili wala kwa uaminifu.

Jambo ambalo limepungua kweli ni idadi ya watu wanaosikiliza pamoja. Redio moja ya nyumba iliwalazimisha baba, bibi na mjukuu kusikia hadithi ile ile kwa wakati mmoja, kisha kubishana juu yake wakila. Ubishi ule ndio uliozifanya hadithi zikae. Watafiti wa vipindi vya watoto wamelieleza hili kwa miongo kadhaa: mtoto anayetazama na mtu mzima anayezungumza naye juu ya anachokiona hujifunza zaidi ya anayeachwa na kioo peke yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatangaza tena kwamba watoto wa siku hizi hawana hadithi, fanya mambo mawili wiki hii. Kaa na mtoto mmoja mpaka kipindi chake kiishe, umwambie akusimulie, na uulize maswali kama mtu asiyejua. Kisha chukua kalamu uandike kipindi kimoja unachokikumbuka wewe, leo hii, kabla hujakisimulia tena. Weka tarehe na utie sahihi. Ukija kubishana na karatasi hiyo baada ya miaka mitatu, iamini karatasi.